Tuache Kuwaamuru Wagonjwa Wafurahi

Jumapili ya Jubilate, ile ya tatu baada ya Pasaka, niliwahi kusimama mimbarani nikahubiri kwamba furaha ni uamuzi. Nilikuwa na vipengele vitatu vinavyoanza na herufi moja, kama tunavyopenda sisi wahubiri, na mwishoni nikawataka washarika wageukiane waambiane, "Amua kufurahi leo." Waligeukiana, wakacheka. Mnada wa ndizi baada ya ibada ulikwenda vizuri. Nikarudi ofisini nikijiona nimefanya kazi ya Bwana.

Mama mmoja wa kwaya alinifuata. Nilimkaribisha kiti, hakuketi. Akasema, "Mchungaji, mimi nimeshaamua. Tangu Januari naamua kila asubuhi. Haiji." Nikamwombea dakika tano, nikamwambia asome Wafilipi sura ya nne, nikamsindikiza mpaka mlangoni kwa sababu wazee wa kanisa walikuwa wananisubiri kuhesabu sadaka.

Sikumwuliza kitu. Laiti ningemwuliza, ningesikia kwamba alikuwa halali zaidi ya saa mbili kwa usiku, kwamba chakula kilikuwa hakipiti kooni, na kwamba mumewe aliyekwenda machimboni alikuwa hajatuma hata shilingi tangu Krismasi. Mengine sikuhitaji hata kuuliza. Mama yake mzazi, ambaye ndiye angekuja kumlea baada ya uzazi, nilimzika mimi mwezi Novemba. Mtoto wake nilimbatiza mimi mwezi Februari. Kitabu cha mazishi na kitabu cha ubatizo vilikuwa kwenye kabati moja, nyuma ya kiti changu, wakati namwambia asome Wafilipi.

Aliyemwokoa ni wifi yake, ambaye wala si msharika wetu. Alihamia kwake miezi miwili, akachukua mtoto usiku, akampeleka kliniki, na huko muuguzi akauliza lile swali ambalo mimi sikuuliza: "Unalala?" Alipewa dawa, akapangiwa tarehe za kurudi. Leo anaimba tena. Ameniruhusu kuyaandika haya, nami nayaandika kwa sababu najua hubiri lile halikuwa langu peke yangu. Linahubiriwa kila wiki, kwenye semina, kwenye redio, kwenye mikutano ya injili, na siku hizi hata kwenye jumuiya zetu. Nataka kulipinga.

Hubiri hilo linasema hivi: mambo yanayokupata si kitu, mtazamo wako ndio kila kitu. Ukiwa na huzuni isiyokwisha, basi kuna mahali umekosea kuamini, kukiri, au kushukuru. Tunadhani tumelitoa kwenye Biblia. Kwa kweli sehemu kubwa yake imetoka Marekani. Mwaka 1952 mchungaji Norman Vincent Peale wa New York alichapa kitabu chake juu ya nguvu ya kuwaza mema, kikauzwa mamilioni, na tangu hapo mafundisho hayo yamezunguka dunia yakibadilisha kanzu. Yalipofika kwetu yalikuta watu wenye shida nyingi na wahubiri wenye muda mchache, yakapata makao.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa. Paulo mwenyewe, tena akiwa kifungoni, aliwaagiza Wafilipi wafurahi siku zote. Ni kweli. Lakini tusome barua yote. Katika sura ya pili Paulo anaeleza jinsi Epafrodito alivyougua karibu ya kufa, na anakiri kwamba kama angekufa, yeye Paulo angeongezewa huzuni nyingine juu ya ile aliyokuwa nayo. Kumbe alikuwa nayo. Mtume wa furaha anaandika akiwa na huzuni, na haoni haya kuitaja. Tena katika sura ileile ya nne tunayowapa watu kama kidonge, anawashukuru Wafilipi kwa sababu walishiriki dhiki yake: walimtumia vitu, na mtu wa kuvileta. Furaha ya Paulo ilikuwa na Epafrodito ndani yake, na mzigo aliobeba Epafrodito. Sisi tunachukua agizo la kufurahi tunaacha ule mzigo, halafu tunashangaa agizo halifanyi kazi.

Sasa, furaha na sonona hutoka wapi? Kwenye mtazamo, mwilini, au kwenye maisha yaliyomkuta mtu? Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia swali lenyewe ni la kizungu, kwamba zamani hatukuwa na magonjwa haya. Nilimjibu kwa adabu kwamba kusonona na kusononeka ni maneno ya Kiswahili, hayakuja na daktari yeyote. Waliotuachia lugha walijua kuna uchungu unaomla mtu ndani kwa ndani, wakaupa jina. Na kanisa letu nalo lilijua. Kule milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe, hospitali ya Lutindi ilianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, kazi ya wamisionari wa Betheli, na hadi leo iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Kwa hiyo Walutheri wa nchi hii tumekuwa na kitanda cha mgonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100. Tulichopoteza katikati hapo ni mimbari inayolingana na kitanda hicho.

Tuanze na mwili. Anayesema huzuni haitoki mwilini hajawahi kukaa na mama aliyejifungua, wala na mtu ambaye tezi yake ya shingo imelegea kazi. Kwa miaka mingi ndugu zetu wanaoishi na VVU walimeza dawa iliyokuwa na efavirenzi. Iliwasaidia wengi kuishi, lakini kwa baadhi yao ilileta ndoto za kutisha na huzuni nzito. Nimemwona mtu wa namna hiyo akiombewa atoke pepo, siku tatu mfululizo, na hakuna aliyeuliza anakunywa dawa gani. Wataalamu waliolinganisha mapacha wamekadiria kwamba katika tofauti zilizopo kati ya watu juu ya kupata sonona, zaidi kidogo ya theluthi inaelezwa na urithi. Mtu huzaliwa na hilo kama anavyozaliwa na macho ya babu yake.

Lakini nisimfanye mwili kuwa mungu mdogo. Iko hadithi rahisi iliyoenea kwamba sonona ni upungufu wa kemikali moja kichwani, serotonini, basi. Mwaka 2022 watafiti wa London, Joanna Moncrieff na wenzake, walipitia tafiti za miaka mingi wakaeleza kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha wa hadithi hiyo. Wapo walioruka na kusema, "Mnaona? Dawa ni uongo!" Hapana. Panadol huondoa maumivu ya kichwa, na hakuna anayesema kichwa kiliuma kwa upungufu wa Panadol. Dawa za sonona huwasaidia wengi, hasa walioshikwa sana, na huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu. Nawasihi, aliyeandikiwa na daktari asiache kwa sababu ya hubiri la mtu, langu likiwamo.

Halafu maisha yaliyomkuta mtu. Hapa ndipo tunapopita haraka, na hapa ndipo nataka tukae. Mwaka 1978 George Brown na Tirril Harris walichapa kazi yao juu ya wanawake wa Camberwell, mtaa wa London. Waliona kwamba kilichotangulia sonona mara nyingi ni msiba, kupoteza kitu au mtu, au shida ndefu isiyokwisha. Tena waliona hali nne zilizomwacha mwanamke bila kinga shida inapofika: kuwa na watoto watatu au zaidi nyumbani walio chini ya miaka 14, kukosa kazi, kufiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 11, na kukosa mtu wa karibu wa kumwambia siri. Kila mchungaji akae na daftari la usharika wake aone ni wanawake wangapi wanaingia humo. Mimi nilijaribu. Niliacha kuhesabu kabla ya kumaliza mtaa wa pili.

Karibu na kwetu zaidi, huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa familia maskini fedha kwa simu bila masharti. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, waliochapa matokeo mwaka 2016, waliona kwamba pamoja na mifugo na mabati, furaha na kuridhika na maisha viliongezeka, na dalili za sonona zikapungua. Hakuna aliyewafundisha watu wale kubadili mtazamo. Walipata fedha, na fedha ilikwenda hadi moyoni. Najua sentensi hii inawakera baadhi yetu. Tumezoea kusema fedha hainunui furaha, na kwa tajiri ni onyo jema. Kumwambia hivyo mjane anayedaiwa ada ya watoto wawili ni kumfungia mlango. Yakobo aliliona hilo katika sura yake ya pili, juu ya yule anayemtakia heri mwenye njaa na mwenye baridi, amwage aende zake akashibe na kuota moto.

Je, mtazamo hauna nafasi kabisa? Unayo, na ningekuwa mwongo nikikataa. Mwandishi wa Zaburi ya 42 anaisemesha nafsi yake mwenyewe, anaiuliza kwa nini imeinama. Wapo matabibu waliofanya kazi ya namna hiyo kwa ustadi, wakimsaidia mgonjwa kuyachunguza mawazo yake moja moja, na inafaa. Ila tazameni mambo mawili. Mtunga zaburi anajisemesha mwenyewe. Hasimami kifuani pa mwingine kumkemea. Na anarudia swali lilelile mara mbili katika zaburi hiyo, kisha mara ya tatu katika Zaburi ya 43, maana yake mara ya kwanza halikutosha. Zaidi ya hapo, sonona inashika kilekile kiungo tunachotaka mtu akitumie. Kuamua kunataka nguvu ya kuamua. Tunamwagiza mwenye mguu uliovunjika aje mwenyewe hospitali kwa miguu.

Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alikuwa na tatizo tunalolijua: wagonjwa wengi, madaktari wa akili wachache mno. Mwaka 2006 alianza na akina bibi, watu wazima wa mtaani, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua shida moja baada ya nyingine, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Hawakusema "depresheni". Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo ni sawa na sisi tunaposema, "Yule ana mawazo." Jaribio lililofanyika katika zahanati 24 za Harare na kuchapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba walioketi na bibi walikuwa na dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi lile ni mtazamo, au ni mazingira? Bibi anasaidia mawazo yakae sawa, na papo hapo yeye mwenyewe ndiye mazingira mapya, mtu wa kumwambia siri aliyekuwa hayupo. Na akiona hali ni mbaya, anampeleka mgonjwa kwa tabibu. Vyanzo vyote vitatu vinashughulikiwa kwenye mbao mbili na misumari. Sisi tuna mabenchi mangapi? Yanakaa matupu siku sita kwa wiki.

Basi kama mambo haya yamefungamana hivi, kwa nini mimbari zetu zinashika mtazamo tu? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu nililolipata halinipendezi: ni kwa sababu hautugharimu. Nikisema ni mwili, itabidi nijue zahanati gani ina dawa, na nani ana nauli ya kwenda huko. Nikisema ni maisha, itabidi baraza la wazee liulize kwa nini mjane yule anafuatwa na bahasha ya ahadi mara nne kwa mwaka na hafuatwi na unga hata mara moja. Na pengine itabidi mume wa mtu aitwe, na mume huyo ni mfadhili wa jengo. Nikisema ni mtazamo wako, mzigo wote unabaki kwako, nami naenda kula chakula cha mchana. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kueleza chanzo. Na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao waliomtetea, si Ayubu aliyelalamika.

Tunajiita wana wa Luther, basi tumsikilize huyo baba. Mwaka 1527 alianguka ugonjwa mzito, na miezi iliyofuata alipita katika giza la roho ambalo yeye mwenyewe alilieleza kwa rafiki zake bila kuficha, huku tauni ikiwa Wittenberg. Mwaka 1530 alimwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyekuwa akiwafundisha watoto wake na aliyesongwa na huzuni. Hakumpa vipengele vitatu. Alimwambia aukimbie upweke, atafute watu, acheze, atanie, anywe kidogo zaidi. Mwaka 1534 alimshauri mtawala Joachim wa Anhalt apande farasi, awinde, akae na watu wachangamfu. Shetani yumo katika barua hizo, ndiyo, Luther alimwona kila mahali. Lakini silaha anazotoa dhidi yake ni farasi, marafiki, muziki na chakula. Na malaika aliyetumwa kwa Eliya, aliyetaka kufa chini ya mretemu, alifanya vivyo hivyo. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na maji, akamwacha alale tena. Mafundisho yalisubiri siku 40, mpaka Horebu.

Nimebakiza jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua. Wengine ni washarika wetu. Nimewahi kuitwa kwenye msiba wa kijana wa namna hiyo, mtoto niliyempa kipaimara. Wazee walijadiliana nusu siku kama kengele ipigwe, kama mwili uingie kanisani, kama nivae joho. Uamuzi ulikuwa hapana, hapana, hapana, nami niliutii. Nilisimama kando ya kaburi na koti la kawaida, nikasoma maandiko mafupi kwa ajili ya wafiwa. Mama yake aliniuliza baadaye, bila hasira, "Angekufa kwa malaria ungevaa?"

Najua hoja ya wazee. Wanaogopa kwamba tukimzika kwa heshima, vijana wengine wataona njia imefunguliwa. Hofu hiyo si ya kijinga, na Luther mwenyewe alikuwa nayo. Mwaka 1532 alisema mezani kwake kwamba haamini kuwa wanaojiua wamepotea kwa hakika, kwa kuwa hawakufanya kwa hiari yao bali walizidiwa nguvu na shetani, kama mtu anayeuawa na mnyang'anyi msituni. Kisha akaongeza tahadhari kwamba jambo hili lisitangazwe ovyo kwa watu wa kawaida, shetani asipate nafasi. Miaka karibu 500 tumeishika tahadhari na kuisahau kauli yenyewe. Tahadhari naiheshimu: tusieleze namna mtu alivyokufa, tusimsifu kwa kufa, tusiseme amepumzika kana kwamba kifo kilikuwa dawa. Lakini kumnyima kengele hakujamzuia yeyote. Kumefundisha wenye sonona kitu kimoja tu, kwamba wakilitaja wazo linalowajia usiku watahesabiwa pamoja na waliofukuzwa. Kwa hiyo hawalitaji. Hata sheria ya nchi, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217, imeliweka jaribio la kujiua kuwa kosa, na hivyo aliyenusurika anaogopa polisi na mchungaji kwa pamoja. Polisi siwezi kuwasemea.

Kama wewe unayesoma una wazo hilo sasa, mwambie mtu leo, na uende hospitali leo. Mchungaji wako akikujibu kwa mstari mmoja na dakika tano, kama nilivyofanya mimi, mwambie mtu mwingine.

Nimepeleka kwenye baraza la wazee la usharika wetu mambo matatu. Mfuko wa diakonia ulipe nauli ya kliniki kwa mgonjwa wa sonona kama unavyolipa kwa mgonjwa wa figo. Kila mtaa uwe na akina mama wawili watakaomtembelea mzazi mpya na mfiwa mpya kwa miezi mitatu, na wamwulize kama analala. Na aliyekufa kwa kujiua azikwe kwa liturugia ileile ya wote waliobatizwa, kengele na joho vikiwamo. La kwanza limepita. La pili limepita, ingawa mitaa miwili bado haijatoa majina. La tatu limeahirishwa mara mbili, na litarudi kwenye kikao cha mwezi Novemba. Mama yule wa kwaya sasa ni mmoja wa wajumbe.